Watu wa Elmore

Somerset, Februari 3

Mpendwa Bi. Zelma,

Habari ya asubuhi. Naanza na salamu kwa sababu mume wangu angenisuta kama ningekurukia na shida zangu kabla ya kukusalimu, ingawa naandika mchana na wewe pengine utasoma jioni. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mchungaji, na sasa limefika mahali ambapo siwezi kulibeba peke yangu. Naomba unishauri kabla ya Pasaka. Naomba pia usilitaje jina langu gazetini, maana kisiwa chetu ni kidogo.

Mume wangu Elmore alikuwa fundi wa mapaa. Miaka thelathini na minane alipaka chokaa mapaa ya mawe ya watu kuanzia huku kwetu mpaka St. George's, ncha ya pili ya kisiwa, na kwa kuwa aliye juu ya paa huona mengi, alikijua kisiwa hiki kwa juu kama sisi tunavyokijua kwa chini, alijua nani mpapai wake umezaa, nani ana mbwa mkali, nani siku hizi hafungui madirisha. Magoti yalipoikataa ngazi tulisafisha vyumba viwili chini ya nyumba tukaanza kupokea wageni wanaopenda kutembea kwa miguu, kwa sababu ufuo hatuna na bwawa la kuogelea hatuna, tuna njia ya reli ya zamani tu inayopita nyuma ya jiko, reli yenyewe iling'olewa kabla hatujazaliwa, njia ikabaki. Mimi nilidhani Elmore atakuwa akiwaongoza. Akacheka. Akasema, "Mtu kalipa ndege, kalipa chumba, kanunua balungi moja kwa bei ya kuku, halafu aje atazame mgongo wangu siku nne? Mwache atembee mwenyewe."

Basi akawaandikia daftari, la shule, lenye mistari, kurasa nane kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Siku nne kutoka kwetu mpaka St. George's, Jumatatu hadi Alhamisi, kila jioni wanarudi kwa basi kulala kwetu na kesho yake wanaanza pale walipoishia. Mstari wa kwanza kabisa unasema: "Msalimie kila mtu. Usimwulize njia mtu ambaye hujamwambia habari ya asubuhi." Baada ya hapo ndiyo njia, na njia yenyewe, Bi. Zelma, alielekeza kwa vitu ambavyo havipo. Ukurasa wa tatu, Southampton: "Pinda kushoto kwenye mwerezi mkubwa wa kina Tatem." Mwerezi huo ulikufa kwa ule ugonjwa wa mierezi kabla Elmore hajazaliwa, yeye mwenyewe alionyeshwa shimo la kisiki na babake. Ukurasa wa nne, Warwick: "Ukiona madirisha ya kijani, pita upande wa chini," na hakuna nyumba yenye madirisha ya kijani pale. Ukurasa wa sita, Smith's: "Dukani kwa Bi. Pearl shika kulia," na duka la Bi. Pearl lilifungwa binti yangu akiwa bado hajaanza kutembea, sasa pale ni migomba ya Mzee Hollis Bascome. Nilimwambia, "Elmore, wageni hawawezi kuona kisichokuwepo." Akasema, "Wataona, wakiuliza."

Na kweli walipotea, kila wiki, mahali palepale patatu. Ndipo simu yetu, ile ya chini ya ngazi, ilipokuwa ikilia. Bi. Eula Tatem wa Southampton alikuwa akisema, "Watu wa Elmore wako hapa kwangu. Yule mrefu yuko kwenye kababu ya samaki ya nne. Nyumbani kwao hawali?" Mzee Hollis alikuwa akisema, "Watu wa Elmore nimewakamata kwenye migomba. Nimewahukumu karata, wakinifunga nawaachia." Na Warwick kulikuwa na mwanamke ambaye hajawahi kunitajia jina, husema tu, "Watu wa Elmore wako salama, wamekunywa maji," kisha anakata. Miaka kumi na mmoja mambo yalikuwa hivyo. Elmore mwenyewe Ijumaa mchana alikuwa hakosekani kwenye simu, penseli nyuma ya sikio kama bado yuko kazini, anacheka na watu mpaka chai inapoa, nami nikimgombeza kwa ajili ya bili.

Alifariki mwaka jana, siku tatu kabla ya Ijumaa Kuu. Alikuwa ameanza tiara ya mjukuu ya kurusha siku hiyo, vijiti vimeshafungwa, karatasi bado. Ile fremu iko juu ya kabati hadi leo. Sijui nilitaka kukuambia nini kwa kulitaja hilo.

Binti yetu Shernelle, anayefanya kazi ofisi ya bima mjini Hamilton, ndiye aliyeshika mambo ya wageni, na aliyashika vizuri, siwezi kusema uongo. Alilisoma daftari la babake akiwa amekaa kwenye ngazi, akacheka, akalia, akasema, "Mama, hili si daftari la njia, hili ni la kumbukumbu. Mtu wa Toronto atapataje mwerezi wa mwaka arobaini na kitu?" Akaandika kurasa mpya, akazipiga chapa, kila kona na picha yake, hatua ngapi, maji yako wapi, basi linapita saa ngapi. Nilizitembea mwenyewe mpaka Southampton, na hazina kosa hata moja.

Wageni wa kwanza wa karatasi hizo walikuwa dada wawili, mwezi wa sita. Saa tisa walikuwa wamesharudi. Nikawauliza, "Mmekutana na nani?" Wakasema, "Hatukukutana na mtu, ilikuwa kimya kizuri sana." Siku ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Siku nne nilikaa karibu na ile simu nikijifanya nashona pazia, na haikulia.

Sasa ndiyo nakuja kwenye kosa langu. Shernelle huziweka karatasi kwenye bahasha na mimi ndiye ninayeipeleka chini chumbani na kuiweka chini ya taa. Mwezi wa saba, Jumapili moja, kabla ya kushuka nayo, niliifungua bahasha, nikazitoa karatasi zake nikazitia kwenye droo ya vitambaa, na badala yake nikaweka nakala ya daftari la Elmore niliyoitoa kwenye mashine ya maktaba. Nilifanya hivyo kwa mikono yangu na nilijua ninachofanya. Kesho yake saa tano simu ikalia, nikaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Bi. Eula akasema, "Watu wa Elmore wako hapa." Halafu akajishtukia. Akasema, "Nisamehe, mpenzi, ulimi umezoea." Nikamwambia, "Usiombe samahani, Eula. Sema tena." Akasema tena.

Basi nikaendelea. Kila kundi. Nilikuwa najiambia kwamba hakuna anayeumia, wanapotea kidogo, wanalishwa, wanarudi na hadithi.

Mwezi wa kumi wakaja Bwana Desmond na mkewe Maureen kutoka Halifax, watu wa miaka sabini na kitu, wamenunua viatu vipya kwa ajili ya safari yao. Jumatano wakafika Smith's, wakatafuta duka la Bi. Pearl, hawakulipata, wakaingia kwenye migomba, na safari hii nyumba ya Mzee Hollis ilikuwa imefungwa na hapakuwa na mtu. Bi. Maureen akateguka kifundo cha mguu kwenye mawe. Walikaa juani saa mbili nzima mpaka dereva wa lori la maji alipowaona na kuwarudisha, mwekundu Bi. Maureen, mwekundu mumewe, na mama wa watu alikuwa akitetemeka wakati namshusha kwenye kiti. Hawakunifokea, na ningependa wangefoka. Bwana Desmond alinirudishia karatasi akasema polepole, "Imeandikwa vizuri, mama, ila inaeleza kisiwa kingine." Baadaye wakaandika mtandaoni kwamba maelekezo yetu ni ya hatari, na walikuwa na haki.

Shernelle aliyasoma hayo akiwa kazini. Yeye anaamini walikuwa na karatasi zake. Ana goti baya tangu alipojifungua, lakini Jumamosi ile alipanda basi mpaka Smith's akazitembea karatasi zake mwenyewe akihesabu hatua, na Jumamosi iliyofuata akazitembea tena, na ya tatu pia. Alirudi akakaa mezani kwangu na mguu juu ya kiti, akasema, "Mama, nimekosea wapi? Nionyeshe tu nimekosea wapi." Mimi nilikuwa nakoroga supu. Niliendelea kukoroga.

Tangu hapo hajiamini. Wiki iliyopita amesema hawezi kuendelea kuwatuma watu barabarani waumie, wageni wa Pasaka atawafuta, na vyumba atavipangisha kwa mwaka kwa kijana mmoja wa ofisini kwao ambaye hatembei hata kwenda dukani. Nikimwambia ukweli, nitampoteza, maana hakuna mama anayemfanyia mwanawe hivyo. Nikinyamaza, atabaki akidhani mkono wake ndio uliomjeruhi yule mama, na simu ile haitalia tena kamwe. Nimwambie, au niache mambo yaishe yenyewe? Na kama ni kumwambia, nianzie wapi?

Ni mimi,
Mjane wa karibu na daraja


Bi. Zelma anajibu:

Habari ya asubuhi, mpenzi. Umeomba nisilitaje jina lako na sitalitaja. Ila umemtaja mumeo, kazi ya mumeo, binti yako, ofisi ya binti yako, daraja, na njia inayopita nyuma ya jiko lako. Sijui ulidhani umejificha wapi. Hapa kwetu mtu akipiga chafya Somerset, St. George's wanamwombea afya.

Pole kwa Elmore. Pole kwa ile tiara isiyo na karatasi, na umefanya vizuri kuitaja.

Sasa kaa chini nikugombeze. Sikugombezi kwa kumkumbuka mumeo. Sikugombezi hata kwa kusema "sema tena," maana ningekuwa mimi ningemwambia Eula aseme mara tatu. Nakugombeza kwa ile supu. Mwanao amekaa mbele yako na goti limevimba, anakuuliza amekosea wapi, na jibu unalo kwenye droo ya vitambaa, na wewe unakoroga. Bahasha ulizibadilisha kwa huzuni, nakubali. Lakini ule mwiko uliushika kwa woga. Umeacha mtoto abebe mzigo wako Jumamosi tatu, kwa goti bovu, na bado unaniuliza kama uache mambo yaishe yenyewe. Hayataisha yenyewe. Yataishia kwa Shernelle.

Tena unajitetea kwamba ulikuwa ukifuata daftari la Elmore. Hukulifuata. Ulilifuata nusu, na hiyo nusu nyingine inabidi nikuambie mimi, kwa sababu yeye hakukuambia, nasi ndio tuliomwomba asikuambie.

Zelma si jina langu. Ni jina la gazetini. Naishi Warwick, juu kidogo ya njia ya reli, na mimi ndiye yule mwanamke asiyejitaja. Madirisha ya ukurasa wa nne ni yangu.

Elmore alikuja kupaka chokaa paa langu mwezi uleule niliomzika dada yangu. Tulikuwa tumeishi wawili katika nyumba ile miaka hamsini. Alishuka kwenye ngazi kunywa maji, akaniuliza, "Leo umemwambia nani habari ya asubuhi?" Nikamwambia, "Paka." Akarudi juu kumaliza kazi yake. Miaka ikapita, siku moja ya Jumanne nikaona kwenye baraza langu Waswisi wawili wenye viatu kama vya kupandia milima, wamesimama sambamba kama watoto wa shule, wakasema kwa pamoja, "Habari ya asubuhi," kisha wakauliza yako wapi madirisha ya kijani. Niliwapa maji, nikaenda kumpigia simu mumeo nikiwa nimekasirika.

Nikamwambia, "Elmore, daftari lako lina kosa."

"Kosa gani?"

"Madirisha yangu si ya kijani. Niliyapaka bluu mwaka ule dada alipofariki."

"Najua. Si nilikuwa juu ya paa lako ukiyapaka?"

"Sasa kwa nini umeandika kijani?"

Akasema, "Jumanne ijayo utakuwepo nyumbani?"

Nilikata simu. Kisha nikampigia tena nikamwambia nitakuwepo.

Umeelewa sasa, mpenzi? Wageni wenu hawakuwa wakipotea. Walikuwa wakitumwa. Eula alibaki peke yake watoto wake walipohamia Uingereza. Hollis alibaki peke yake alipobaki peke yake, hataki kulizungumza. Nami nilikuwa na paka. Yule bwana aliyaona madirisha yasiyofunguliwa, akiwa juu huko, na akatuletea watu wa kutusalimu, kila wiki, kwa njia ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuiita huruma. Ni wageni waliopotea tu. Mtu aliyepotea unampa kiti.

Na zile simu za Ijumaa ulizomgombezea bili, hizo ndizo zilikuwa kazi yenyewe. Alimpigia kila mmoja wetu. "Eula, Jumatatu upo? Hollis, Jumatano upo?" Ukimwambia hupo, ile penseli ilitoka nyuma ya sikio, na kwenye karatasi ya mgeni wa wiki hiyo aliandika ukingoni njia iliyonyooka: "Wiki hii usipinde, nenda moja kwa moja." Hakuwahi kumtuma mtu kwenye mlango uliofungwa hata mara moja katika miaka kumi na mmoja. Wewe ulichukua daftari ukaiacha simu. Mwezi wa kumi Hollis alikuwa hospitali, amevunjika nyonga, mtaa wake wote ulijua. Ungempigia Ijumaa, Bi. Maureen angeenda moja kwa moja, na kifundo chake kingerudi Halifax kizima.

Kabla ya kuandika haya nimewapigia hao wawili kuwaomba ruhusa. Eula amesema, "Andika, na useme yule mrefu alikula tano, si nne." Hollis amesema, "Andika, lakini useme mimi si mpweke, mimi nachagua watu." Nimesema. Na Warwick watakaposoma habari za madirisha watanijua mimi ni nani baada ya miaka tisa ya kujificha. Na wanijue. Siwezi kukuambia wewe uende ukaseme ukweli nami nimejifunika jina la bandia.

Basi fanya hivi. Nakutumia haya wewe kwanza, gazetini yatatoka baada ya Jumapili.

Jumapili hii Shernelle akija kula, mwambie kabla viazi havijamenywa. Usingoje mle kwanza. Mtu akishashiba samaki na parachichi huona vibaya kukasirika, na yeye ana haki ya kukasirika vizuri. Mpe zile karatasi zake kutoka kwenye droo, zote, mkononi. Useme: "Mwanangu, karatasi zako hazikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyezitoa kwenye bahasha." Ukome hapo. Usiongeze "kwa sababu." Usimtaje babake, wala simu, wala mimi. Ukimtaja babake atalazimika kukuhurumia, na utakuwa umemnyang'anya hasira yake kama ulivyomnyang'anya karatasi. Akiondoka, mwache aondoke, mfunikie sahani yake. Atarudi kuifuata. Huyo ni mtu aliyezitembea karatasi mara tatu ili aone kosa lake. Mtu wa namna hiyo hamwachi mama yake. Atakufokea, na itakuuma, na hutakufa.

Akirudi, na akiuliza kwa nini, hapo ndipo umpe barua hii asome. Isikatwe.

Waandikieni wale wazee wa Halifax. Wewe ndiye uandike, kwa mkono wako, useme karatasi mbovu uliiweka wewe, na ya binti yako ni nzuri. Nao waseme watakavyo.

Kuhusu vyumba na yule kijana asiyetembea, usimsukume Shernelle. Ni uamuzi wake mpaka ajiamini tena. Ila akikubali kuendelea, njia iwe yake, na picha zake, na hatua zake, maana Elmore mwenyewe alikuwa na akili, asingetaka mtu apotee mahali asipongojwa. Mwombe arudishe kitu kimoja tu cha babake, ule mstari wa kwanza. Na mahali pale patatu aandike wazi, bila mwerezi, bila duka, bila madirisha: "Hapa anaishi mtu. Ukipenda, panda umsalimie, anajua unakuja." Asiyependa apite na kimya chake kizuri. Anayependa atapanda. Utashangaa ni wangapi wanaosafiri mbali hivyo na kulipa pesa zote hizo wakitamani tu mtu awaulize wamelala vipi.

Na kila Ijumaa mchana, kaa chini ya ngazi upige simu. Wewe, si kompyuta ya Shernelle. Lichukue daftari lenyewe, si nakala, ulitazame kwenye mwanga. Ukurasa wa tatu, wa nne na wa sita, ukingoni, kuna tarakimu za penseli hafifu ambazo mashine ya maktaba haizioni. Pengine ulidhani ni vipimo vya chokaa. Ni namba zetu.

Unaogopa kwamba mgeni akija kwa karatasi ya Shernelle hutalisikia tena lile neno. Mpenzi, karatasi haijawahi kutuhusu. Akija mtu barazani kwangu na viatu vyenye vumbi, akasema habari ya asubuhi kabla ya kusema jingine, mimi nitamwita nani? Nitaipokea simu, nitakuambia walewale wako hapa, wamekunywa maji. Safari hii sitakata. Nitangoja uniulize hali.

Hollis amerudi nyumbani tangu mwezi wa kumi na moja, anatembea kwa fimbo, na analalamika hana wa kumwibia karata. Lokwati za Eula zimeiva zinadondoka bila wa kula. Mimi Jumanne sitoki.

Ukianza simu zako za Ijumaa, nami unikumbuke.